Hofu inapozidi wakati unapunguza dawa za wasiwasi

Kabla ya lolote jingine: usiache dawa hizi ghafla. Diazepamu, lorazepamu, alprazolamu, klonazepamu na nyingine za jamii ya benzodiazepini, ukizikata kwa mkupuo baada ya kuzimeza kila siku kwa wiki kadhaa au zaidi, zinaweza kukuletea degedege, kukuchanganya akili, hata kukuua. Ikiwa umeshazikata na sasa unasoma huku unatetemeka, zungumza na daktari leo hii. Mengine yote niliyoandika yanamhusu mtu anayepunguza dozi kidogo kidogo chini ya uangalizi.

Mimi nilipewa lorazepamu kwa sababu ya hofu ya kufungiwa: lifti, vyoo vidogo, chumba kisicho na dirisha. Dozi ilipoanza kushuka, hofu ile ilirudi, na haikurudi peke yake. Simu ikilia nilishtuka mwili mzima. Maji ya bafu yakinimwagikia usoni nilihisi pumzi inakatika. Jua likizama nilianza kuogopa kubaki peke yangu, jambo ambalo sikuwahi kuliogopa hata utotoni.

Kilichonisaidia kuliko maneno yote ya faraja ni kuelewa kinachotokea. Ubongo una kemikali iitwayo GABA ambayo kazi yake ni kutuliza seli za neva. Dawa hizi huipa nguvu zaidi. Zikikaa mwilini muda mrefu, ubongo nao hujirekebisha, na vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazoipokea kemikali hiyo, havisikii tena kama zamani. Dozi ikishuka, nguvu ya dawa inapungua kabla ubongo haujarudi kujitosheleza. Katikati hapo neva zinasisimka kwa jambo dogo sana: mwanga unaumiza macho, kelele zinachoma, misuli inacheza yenyewe, na hofu inapanda pasipo cha kuogopwa.

Zingatia mpangilio wake. Mwili unaanza kwanza, kisha akili inatafuta mchawi. Moyo unadunda, basi utasema ni ugonjwa wa moyo. Mume amechelewa, basi amepata ajali. Kwa hiyo hofu ikipanda, usianze kwa kujiuliza ninaogopa nini. Jiulize: nilimeza dozi saa ngapi, niliipunguza lini, nimelala vipi? Mimi huandika hayo kwenye daftari, pamoja na saa ambayo hofu ilianza na saa iliyotulia. Daftari likaonyesha kitu ambacho kichwa changu kisingekiona: hofu mbaya kuliko zote ilikuwa inakuja muda mfupi kabla ya dozi inayofuata.

Hilo lina maelezo yake. Lorazepamu hupungua hadi nusu mwilini kwa saa 10 hadi 20 hivi, na alprazolamu mara nyingi huwahi zaidi. Diazepamu na mabaki yake hukaa siku kadhaa. Ndiyo maana baadhi ya madaktari humhamishia mgonjwa kwenye diazepamu kwanza, ndipo wapunguze, njia aliyoitumia sana Profesa Heather Ashton katika kliniki yake huko Newcastle, Uingereza, kuanzia 1982 hadi 1994. Usijihamishe mwenyewe. Miligramu 1 ya lorazepamu hukadiriwa kuwa sawa na miligramu 10 hivi za diazepamu, kwa hiyo anayebadilisha kidonge kwa kidonge bila hesabu anacheza na hatari. Wala kuhamishwa si lazima kwa kila mtu.

Kuhusu kasi, mwongozo wa kitabibu uliotolewa Marekani mwaka 2025 unapendekeza kuanza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 kila baada ya wiki 2 hadi 4, na kwa kawaida isizidi asilimia 25 kwa wiki 2. Mwombe daktari apige hesabu kwa dozi uliyo nayo sasa, siyo ile uliyoanza nayo: kutoka miligramu 10 unakwenda 9, kisha 8.1. Hatua zinazidi kuwa ndogo kadiri unavyoshuka, na huko chini ndiko wengi huhitaji upole zaidi.

Asubuhi inastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndiyo iliyonitesa. Homoni ya kotisoli hupanda kwa kawaida katika nusu saa ya kwanza baada ya kuamka. Kwa mtu mwenye neva zilizosisimka, ongezeko hilo linatosha kumfanya aamke akiwa na hofu kamili hata kabla hajakumbuka leo ni siku gani. Usibaki umelala ukibishana nayo. Kaa, weka nyayo sakafuni, kanyaga kwa nguvu mpaka usikie ubaridi wake. Vuta pumzi kwa puani ukihesabu hadi 4, itoe taratibu ukihesabu hadi 6. Usivute kubwa. Mtu mwenye hofu huwa tayari anapumua kupita kiasi, na kaboni dioksaidi ikipungua kwenye damu, vidole na midomo huingia ganzi na kichwa huwa chepesi, naye hudhani anakufa. Kinachorekebisha hali ni kutoa pumzi polepole. Kisha inuka ufanye kazi ya mikono, hata kukunja nguo. Mimi hukunja zilezile, nazikunjua, nazikunja tena.

Hofu mpya ya mwili ichunguzwe na daktari mara moja, kwa uaminifu. Maumivu ya kifua usiyapuuze. Lakini ukishaambiwa moyo ni mzima, acha kujishika mapigo kila dakika. Kila ukijipima unauambia ubongo kwamba hatari bado ipo.

Zipo hofu ambazo watu huona aibu kuzitaja. Mimi niliogopa kisu cha jikoni, nikihofia kwamba nitamdhuru mtu ninayempenda. Wazo la namna hiyo linalokutia kinyaa na kukutetemesha si nia. Usilifanyie ibada ya kuficha visu wala kuuliza watu kila saa kama wewe ni mtu mbaya. Liache lipite huku ukiendelea kumenya vitunguu. Ila ukianza kutaka kujiua au kupanga namna ya kujidhuru, ukisikia au kuona visivyokuwepo, ukichanganyikiwa, au mwili ukikakamaa na kupoteza fahamu, hapo ni hospitali mara moja, wala usiende peke yako.

Hofu za zamani hukua ukizikimbia, kwa hiyo zisogelee kwa hatua ndogo. Kwangu mimi ilikuwa kusimama karibu na lifti bila kupanda. Kisha kuingia na kutoka mlango ukiwa wazi. Kisha ghorofa moja, na mtu. Kila hatua nilibaki pale mpaka hofu ishuke yenyewe walau kidogo, nisiondoke ikiwa kileleni. Siku mbaya nilirudia hatua ya jana tu. Sikubaliani na wanaosema ujilazimishe hata siku ambayo huwezi kusimama. Siku hiyo pumzika, kesho ipo.

Mpe kazi mtu mmoja wa nyumbani. Mimi na dada yangu tulikubaliana asiniulize “uko sawa?” kila anaponipita, kwa maana swali lile lilinirudisha kujichunguza. Akiniona nimebadilika anasema, “Ni lile wimbi, litapita. Niko hapa.” Halafu anaendelea na shughuli zake, na ile sauti ya vyombo jikoni inanitosha. Tulikubaliana pia kwamba sifanyi uamuzi wowote mkubwa nikiwa katika hali hiyo: kuacha kazi, kuvunja uhusiano, kufuta tiba.

Pombe iepuke kabisa. Inagusa mfumo uleule wa GABA, itakutuliza jioni na kukulipisha alfajiri. Kahawa ipunguze. Dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni zikichanganywa na hizi zinaweza kuzima pumzi. Na yeyote anayekuandikia antibiotiki ajue unapunguza benzodiazepini, hasa akitaka kukupa siprofloksasini, kwani baadhi ya watu huzidiwa nayo.

Usijiongezee kidonge siku mbaya na kukiruka siku nzuri. Kupanda na kushuka huko huzichosha neva zaidi. Hofu ikikuzidi wiki nzima bila nafuu, peleka daftari kwa daktari, mwonyeshe saa na tarehe, na umwombe mbaki kwenye dozi hiyohiyo kwa muda kabla ya hatua inayofuata. Kusimama kidogo ni sehemu ya tiba. Akikataa bila kuliangalia daftari, tafuta maoni ya daktari mwingine huku ukiendelea kumeza dozi yako kama ilivyo.