Kutengeneza nguzo za uzio zilizokatika bila kuubomoa uzio

Nguzo ya mkaratusi ikioza, mara nyingi hukatika usawa wa ardhi, kwa kuwa hapo unyevu na hewa hukutana na kuvu wanaoozesha mbao hupata vyote wanavyohitaji, ilhali sehemu ya juu hubaki kavu, imara na imeshika seng'enge vizuri. Kwa hiyo usilegeze waya wa mstari mzima. Ipe nguzo mguu mpya.

Kwanza, chomachoma nguzo kwa bisibisi kuanzia chini ukipanda, na uweke alama pale ncha inapogoma kuingia. Alama ikizidi sentimita 20 juu ya ardhi, mguu mpya uwe mrefu kuliko vipimo vya hapa chini.

Pili, iegemeze nguzo kwa miti miwili, mmoja kila upande wa uzio, kisha uhakikishe kwa timazi kwamba imesimama wima, maana zege likishakauka hakuna marekebisho.

Tatu, kata kwa msumeno sehemu yote iliyooza, ili nguzo ya zamani isiguse udongo tena. Wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo inayozuia uozo kupanda na mchwa kupata njia. Ng'oa kisiki kwa mtaimbo, chimba shimo la sentimita 70 na umwage chini kokoto ya sentimita 10 ili maji yapite.

Nne, simamisha kando ya nguzo mguu mpya, yaani kipande cha mti cha sentimita 120. Ikiwa kilitiwa dawa kiwandani, ncha uliyoikata mwenyewe ielekee juu, kwani dawa haifiki kwenye kiini cha mti na ncha hiyo haina kinga. Toboa kwa keekee matundu mawili yanayopenya nguzo na mguu wake mpya, yaachane sentimita 30 na yasifuate mstari mmoja wa nyuzi za mbao, la sivyo nguzo itapasuka. Pitisha bolti za milimita 12, weka washa pande zote mbili na ukaze nati.

Mwisho, mimina zege la saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4. Uso wake uinuke juu ya ardhi na uteremke kutoka kwenye mti, maji yasituame. Limwagilie kwa siku 7 kabla ya kuondoa miti ya kuegemeza.

Maswali ya wanachama

Fundi, oili chafu ya gari haitoshi kuzuia mchwa?

Haitoshi. Hubaki juu juu ya mti, kisha mvua huiosha ikachafua udongo. Nakusihi usiitumie, hasa karibu na kisima au bustani ya mboga.

Je, naweza kufanya kazi hii bila saruji?

Unaweza, mradi ushindilie udongo tabaka kwa tabaka, kila moja isizidi sentimita 10. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, chimba kwa kina zaidi.

Na nguzo ya kona, mwalimu?

Hiyo ibadilishe nzima. Kona hubeba mvuto wa waya kutoka pande mbili, nao utayalegeza maungio ya bolti. Kabla ya kuikata, funga waya kwa muda kwenye nguzo za jirani za pande zote mbili.