Chembe sahani zikishushwa na heparini: kumhamishia mgonjwa kwenye rivaroksabani

Mgonjwa ana siku 7 kwenye heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Alianza na chembe sahani (chembe zinazosaidia damu kuganda) 240,000 kwa kila mikrolita ya damu, leo asubuhi ni 95,000, na mguu wa kushoto umevimba. Tunachokiogopa zaidi hapa ni damu kuganda: mwili umetengeneza kingamwili zinazoziamsha chembe sahani, zikashikana na kuziba mishipa.

1. Hesabu alama za 4T, maswali manne ya kupima uwezekano wa tatizo hili. Chembe zimeshuka kiasi gani, zilianza kushuka siku ya ngapi (ya 5 hadi ya 10 ndiyo ya kutiliwa shaka), kuna bonge jipya la damu, kuna sababu nyingine? Kila swali lina alama 0 hadi 2. Jumla ikifika 4, tuma damu maabara na uanze matibabu bila kungoja majibu.

2. Simamisha heparini yote. Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Daktari anaandika "imesimamishwa", kisha usiku kanula (mrija wa mshipani) inasafishwa kwa heparini kama kawaida ya wodi. Nenda kitandani mwenyewe, angalia trei, soma lebo ya kila kichupa. Enoksaparini nayo ni heparini. Ulizia mashine ya kusafishia damu na katheta zilizopakwa heparini. Kwenye jalada la faili andika kwa herufi kubwa: ASIPEWE HEPARINI.

3. Kama presha imetulia, anameza vizuri, na figo na ini viko sawa, mpe rivaroksabani, kidonge cha kuzuia damu kuganda kisicho heparini, miligramu 15 mara mbili kwa siku, pamoja na chakula. Mwenye bonge ataendelea hivyo wiki 3, kisha miligramu 20 mara moja kwa siku, jumla miezi 3 hadi 6. Asiye na bonge abaki kwenye 15 mara mbili mpaka chembe zifike 150,000. Lakini usiseme hana bonge kabla ya kupima miguu yote miwili kwa ultrasaundi. Mguu ukianza kufa, au akiwa anakaribia upasuaji, vidonge havifai: tumia argatrobani au bivalirudini ya mshipani.

4. Warfarini, kidonge kingine cha kuzuia damu kuganda, isubiri hadi chembe zifike 150,000. Mapema hivi inashusha protini C, ambayo huzuia damu kuganda, na nyama ya mguu inaweza kuoza. Kama ameshaanza, isimamishe na umpe vitamini K.

5. Usimwongezee chembe sahani kwa kuogopa namba tu, kama havuji damu.

Pima chembe kila siku. Kabla hajaruhusiwa, mpe kadi yenye jina la dawa iliyomdhuru na tarehe, kisha mwombe akueleze kwa maneno yake atakachomwambia daktari mwingine.