Namna ya kujifunza kwa mama aliyekutangulia katika imani

Dada, ukitamani kujifunza kwa mama mzee wa kanisani kwenu, usianze kwa kumwomba awe mlezi wako wa kiroho. Wengi huona haya na kusema hawajui kufundisha. Mwombe jambo dogo: akuombee kwa hitaji moja, au umsaidie kazi fulani mkiwa wawili tu. Maneno hutoka yenyewe mikono ikiwa kazini.

Kisha uliza swali la tukio halisi. Ukiuliza siri ya ndoa njema, utapata jibu la jumla. Lakini ukiuliza, "Mama, ulipofiwa, uliwezaje kurudi kuomba?" atanyamaza kwanza, halafu atasema kweli. Niliuliza hivyo, na mama mmoja akafungua Biblia yake, akanionyesha tarehe alizoandika kwa penseli pembeni mwa Zaburi. Baadhi zilikuwa na alama ya kujibiwa, nyingine hazina. Hizo zisizo na alama ndizo zilizonifunza zaidi, kwa sababu bado anaziombea.

Tito 2 inawaagiza wanawake wazee wawafunze vijana, ila mimi napenda zaidi Luka 1: Mariamu alikaa kwa Elisabeti kama miezi 3. Hiyo si ziara ya kusalimia na kuondoka! Kwa hiyo rudi tena, hata wiki ambayo huna swali. Na atakachokuambia kuhusu mumewe au wanawe kisitoke hapo, hata kwa jina la ombi la maombi.