Kumsaidia mtoto asiyeweza kusema anayepiga watu na kurusha vitu

Mtoto asiyeweza kusema anapopiga wenzake au kurusha vyombo, usianze kwa kutafuta adhabu. Tafuta kwanza anachokipata kwa kufanya hivyo. Mara nyingi huwa anataka watu wamwangalie, au apewe kitu fulani, au aepushwe na jambo linalomshinda, au mwili wake upate hisia anayoihitaji. Ikiwa tabia imeanza ghafla, au anajiumiza, mpeleke hospitali kabla ya yote, kwa kuwa jino au sikio linalouma hawezi kulitaja.

Kwa wiki moja au mbili, andika katika daftari kilichotangulia, alichofanya, na kilichofuata. Usiandike "alikuwa mkorofi", andika "mama alishika ndoo kwenda kuokota korosho, mtoto akarusha sahani, mama akaweka ndoo chini." Huku Newala na Masasi, mkoani Mtwara, Tanzania, msimu wa korosho huvuruga siku nzima ya mtoto wa namna hii: wakubwa hutoka alfajiri, chakula huchelewa, naye hubaki na mtu asiyemzoea. Daftari likionesha kwamba vurugu huanza ndoo inaposhikwa, basi huenda kinachomsumbua ni kuachwa bila kujua kama mama atarudi.

Hapo badilisha kinachotangulia. Mwoneshe ndoo mapema, mwoneshe atakayebaki naye, na siku za mikorosho ya karibu mchukue, mpe ndoo yake ndogo. Kisha mfundishe, akiwa ametulia, njia nyepesi ya kuomba kilekile anachokitaka, kama vile kukushika mkono au kugusa picha yako. Hili ndilo kiini cha kazi yote: njia mpya lazima impatie anachokitaka upesi kuliko kurusha sahani, kwa hiyo mwanzoni uitikie kila mara, hata ukiwa na haraka. Kusubiri atafundishwa baadaye, kidogo kidogo.

Vurugu isipomletea kitu tena, huweza kuzidi kwa siku kadhaa kabla ya kupungua. Bibi au mjomba akimhurumia wakati huo na kumpa anachokitaka, mtoto hujifunza kwamba anapaswa kuzidisha. Ndiyo maana nyumba nzima ikubaliane mapema.

Ili kujua kama anaendelea vizuri, usihesabu vurugu peke yake. Andika pia alicheza na nani, alichagua nguo gani, alikwenda wapi, na kama anasoma, kwani Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtambulia haki ya elimu.