"Pole na kazi" kwa Kichina: 辛苦了

Wewe unayejifunza Kichina, lishike neno hili mapema: 辛苦了, linasomwa xīnkǔ le. Kamusi nyingi zitakwambia ni "taabu" au "kazi ngumu", ubaki unajiuliza utalitumia wapi. Litumie pale pale ambapo sisi tungesema "pole na kazi". Fundi kamaliza kuziba bomba, mwenzako katoka zamu ya usiku, dereva kakufikisha salama baada ya safari ndefu: xīnkǔ le! Kama amehangaika kwa ajili yako wewe, sema 辛苦你了. Hiyo 你 ya katikati ndiyo "wewe".

Tazama na herufi zenyewe, maana ni nzuri mno: 辛 ni ukali, kama wa tangawizi, 苦 ni uchungu, kama wa shubiri. Unamwambia mtu kwamba umeuona ukali na uchungu alioupitia.

Ila si kila "pole" ni xīnkǔ. Aliyefiwa haambiwi hivyo kabisa. Huyo mwambie 节哀 (jié'āi). Na aliyejikwaa mbele yako muulize 没事吧? (méi shì ba), yaani "hujaumia?"