Gitaa likipanda ndege, linda kichwa chake

Wengi wakisafiri na gitaa huhofia tumbo lake, kumbe mara nyingi panapovunjika ni pale kichwa kinapoungana na shingo. Kasha likianguka chali, mwili husimama ghafla lakini kichwa bado kinataka kwenda, na nyuzi nazo zinakivuta. Kwa hiyo legeza nyuzi kidogo, sauti ikishuka toni moja hivi inatosha, usizitoe zote. Kisha jaza nguo laini chini ya shingo na pande zote za kichwa, mpaka ukitikisa kasha usisikie kitu kikicheza. Hili nalisisitiza kuliko mengine yote: hata kasha gumu lenye nafasi ndani halisaidii sana.

Ukifika, vumilia. Liache kasha limefungwa kwa saa kadhaa, maana vanishi iliyopoa ikikutana ghafla na joto huweza kufanya nyufa.

Kama ala yako ni ya zamani na ina pembe za ndovu, au mbao ya Dalbergia nigra ya Brazili, ambayo CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, umeibana tangu 1992, ulizia vibali mapema kabla ya kuvuka mpaka nayo.