Mstaafu nyumbani wakati wa janga: jinsi ya kugawa kazi za nyumba usichoke na usiumie

Wastaafu wenzangu, mwaka 2020 tarehe 11 Machi WHO walipotangaza kwamba korona ni janga la dunia, mi nilikuwa nimeshastaafu, nikajua kukaa nyumbani naweza. Kumbe kukaa nyumbani kwa kupenda na kukaa kwa sababu kutoka ni hatari ni vitu viwili tofauti kabisa. Wiki ya kwanza nilifanya kazi zote kwa siku moja, nikafua, nikadeki, nikapanga makabati, alafu siku zilizofuata nikawa nakaa tu kwenye kiti, mgongo unauma na sijui leo Jumanne au Alhamisi. Kwa hiyo haya nayaandika kwa yeyote atakayejikuta amefungiwa ndani tena, maana magonjwa ya mlipuko hayajaisha duniani.

Kitu cha kwanza ni kugawa. Kazi kubwa moja kwa siku, basi. Jumatatu kufua, Jumanne choo na bafu, Jumatano sakafu, Alhamisi jikoni, Ijumaa shuka na foronya, Jumamosi vitu vidogo vidogo kama kushona kifungo au kupanga makaratasi, Jumapili unapumzika. Iandike kwa herufi kubwa ubandike ukutani. Faida yake sio usafi peke yake, ni kwamba siku inapata jina, ukiamka unajua leo nina kazi gani, na hilo kwa mtu asiyeenda kazini na asiyetembelewa na mtu ni kitu kikubwa sana. Kazi nzito ifanye asubuhi ukishakula na kumeza dawa zako. Kama unatumia dawa za presha usiruke tu kutoka kitandani, kaa kwanza ukingoni dakika moja mbili, kizunguzungu cha kusimama ghafla kimeangusha wazee wengi.

Sasa usafi wenyewe, na hapa niwe mrefu kidogo kwa sababu watu wanajiumiza. Sabuni ya kawaida na maji inatosha kwa kazi nyingi, kirusi cha korona kimezungukwa na utando wa mafuta na sabuni inaupasua, ndo maana tunaambiwa mikono isuguliwe angalau sekunde 20, na kama huna maji sanitaiza iwe na alkoholi asilimia 60 kwenda juu. Dawa ya klorini iweke kwa ajili ya choo, vitasa, swichi, bomba, rimoti (hiyo futa na kitambaa chenye unyevu tu usiimwagie), hasa kama ndani kuna mgonjwa. Soma kwanza lebo, kama ni ya asilimia 5 basi mililita 20 kwenye lita moja ya maji zinatosha, yaani kijiko kikubwa kimoja na cha chai kimoja. Maji yawe baridi, ya moto yanaiharibu. Osha uchafu kwanza kwa sabuni, suuza, ndo upake dawa na uiache dakika moja au zaidi kabla hujafuta. Uliyochanganya leo tumia leo, kesho mwaga.

Na tafadhali sana, klorini usiichanganye na kitu kingine chochote zaidi ya maji. Sio siki, sio dawa nyingine ya choo, sio chenye amonia. Ikikutana na asidi au amonia inatoa gesi ya sumu, na choo ni chumba kidogo, mapafu ya mtu mzima hayana nguvu ya kupambana na hiyo. Mlango wazi, dirisha wazi, glavu mkononi. Ukisikia koo linawasha toka nje hapo hapo, kazi itangoja.

Alafu kuna jambo ambalo mwanzoni wengi tulikosea, tulikuwa tunaosha kila mfuko unaoletwa nyumbani mpaka mikono inachubuka, huku madirisha yamefungwa. Baadae ikaeleweka vizuri kwamba korona inasambaa zaidi kwa hewa. Kwa hiyo nguvu zako nyingi peleka kwenye madirisha, fungua mawili yanayotazamana hewa ipite, mara kadhaa kwa siku, na mtu akija kuleta vitu aviache mlangoni, au mkiongea muongee nje na barakoa.

Kuanguka ni hatari nyingine na haitangazwi kama kirusi. Ndoo jaza nusu tu, nenda mara mbili. Ukideki anza kona ya ndani ukirudi kuelekea mlangoni, usikanyage panapoteleza, vaa viatu vinavyoshika sio kandambili zilizoisha. Usipande stuli hata kama ni balbu tu, subiri kijana aje. Na simu iwe mfukoni muda wote sio mezani.

Watu wanauliza kama kazi za nyumbani zinahesabika kama mazoezi. Zinahesabika, kufagia na kudeki kwa kasi ya kukufanya upumue haraka kidogo ni mazoezi, na kinachoshauriwa ni dakika 150 kwa wiki angalau. Ila ongeza mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, siku tatu kwa wiki hivi. Mi nikisubiri maji yachemke nashika ukingo wa meza nasimama mguu mmoja, nabadilisha, alafu nainuka kwenye kiti bila kutumia mikono mara kumi. Inachukua dakika chache na magoti yamenishukuru.

Dawa za kila siku ziwe za kutosha mwezi mzima, na kliniki usiache kwa kuogopa, piga simu uulize utaratibu wao. Habari sikiliza mara mbili kwa siku, zaidi ya hapo usingizi unaondoka. Mtu akipiga simu anataka namba yako ya siri eti kuna msaada au chanjo, kata.

Watoto nao, wakiwa karibu, watataka kukufanyia kila kitu kwa mapenzi. Waachie vya kubeba na vya kupanda, ila nguo zako kunja mwenyewe. Mi nguo nazikunja jioni na simu nimeweka spika, naongea na mwenzangu tuliyestaafu pamoja, yeye kwake anapanga vyombo namsikia, na mara nyingi rundo linaisha maongezi bado, basi navuta kiti nakaa tunaendelea.